Ukarabati wa Nyumba za Kale za Matofali Ufipa: Chokaa Badala ya Saruji

Nyumba za matofali ya kuchoma ni sura ya kawaida ya makazi katika uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, mjini Sumbawanga na vijijini. Matofali hayo hufyatuliwa kwa udongo wa mahali hapo na kuchomwa kwa kuni, na yale yaliyokuwa pembezoni mwa tanuri hubaki laini. Katika majengo ya zamani, yakiwemo ya misheni zilizofuata kufika kwa Wamisionari wa Afrika Karema mwaka 1885, ulaini huo ndio unaopaswa kuongoza ukarabati.

Viungo vilivyolika havipaswi kuzibwa kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko tofali la aina hiyo, na haipitishi unyevu kwa urahisi. Maji ya mvua za Novemba hadi Aprili yakishaingia ukutani hutokea kwenye tofali lenyewe. Uso wake humeguka, na saruji hubaki imechomoza kama mbavu. Tofali lililomeguka halirudi. Kiungo cha chokaa kikilika, hujazwa tena.

Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hiyo ndiyo inayofaa kuzikarabatia. Kanuni hiyo inafaa pia kwa tofali la Ufipa, hata pale ambapo kiungo cha awali kilikuwa cha udongo.

Fundi hukwangua kiungo hadi kina kisichopungua mara mbili ya upana wake, kwa patasi na nyundo ndogo. Mashine ya kukatia hujeruhi kingo za tofali. Vumbi huondolewa, ukuta hulowanishwa, kisha mchanganyiko wa sehemu moja ya chokaa na tatu za mchanga safi hushindiliwa ndani. Chokaa iliyokaa kwenye mfuko wazi haifai, kwani imekwishapoteza nguvu. Anayezima chokaa mbichi huitia chokaa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya chokaa, na hukinga macho.

Chokaa hukauka polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa. Kwa hiyo ukuta hufunikwa magunia yenye unyevu kwa siku kadhaa, na kazi huanza Mei, mvua zikiisha, ili viungo viwe vimekomaa kabla ya Novemba.