Kichungi cha Ziwa Nakuru Kilienda Wapi?

Wasee, kuna kitu kimenikaa rohoni tangu darasa la sita. Shule yetu hapa Naitiri ilitupeleka Nakuru. Tulitoka usiku, mwalimu ametuahidi ziwa limejaa ndege wa waridi hadi maji hayaonekani. Mamangu alikuwa ameuza gunia la mahindi ndio nilipiwe hiyo safari. Tukafika. Maji tu, miti mikavu imesimama ndani ya ziwa, na heroe, yaani flamingo, wa kuhesabu kwa vidole. Mwalimu akasema, "Wamehama." Basi. Hakuna aliyeeleza kwa nini.

Nimekuja kujisomea mwenyewe, na jibu linaanza na mdomo. Heroe mdogo hula kichwa kikiwa juu chini. Ndani ya mdomo kuna safu za vigamba vyembamba kama meno ya kitana, na ulimi unafanya kazi ya pampu: unavuta maji ndani, unayasukuma nje, mwani unabaki. Ni kichungi cha chai kabisa. Mwingereza Penelope Jenkin, aliyewahi kuja kuchunguza maziwa yetu ya Bonde la Ufa mwaka wa 1929, alichapisha maelezo ya mdomo huo mwaka wa 1957.

Mwani wenyewe ni spirulina, ndio huo huo watu wa mjini hununua kama unga wa afya. Ndio huwapa rangi. Na unapenda maji makali, yenye magadi, kama yale magadi tunayotia kwa mrenda. Ndege mmoja hula karibu gramu 60 kwa siku, ukiupima mwani ukiwa mkavu. Sasa zidisha. Miaka ya 1970 Nakuru ilikuwa na siku za ndege zaidi ya milioni moja. Hizo ni tani 60 kila siku! Kinyesi kinarudi majini kinakuwa mbolea, mwani unaota tena, na tai na fisi wanakula ndege wenyewe. Kwa hivyo mimi hukasirika mtu akiwaita mapambo. Walikuwa wanaendesha ziwa.

Binadamu naye hakukaa kando. Ziwa Nakuru halikuwa na samaki. Kati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, watu walileta tilapia wadogo kutoka Magadi ili wale viluwiluwi vya mbu. Samaki wakaanza kula mwani ule ule wa heroe, halafu wari wakaja kwa maelfu kula samaki. Mbu tu, na ziwa zima likabadilika.

Mahali wanapozalia pia palichelewa kujulikana. Leslie Brown, afisa wa kilimo Kenya enzi za ukoloni, aliwapata Ziwa Natron, Tanzania, mwaka wa 1954. Akajaribu kuvuka matope ya magadi kwa miguu, yakamchoma vibaya hadi akalazwa hospitalini. Hadi leo heroe wadogo wa Afrika Mashariki, ambao ni karibu robo tatu ya wote duniani, hutegemea Natron kuzaa. Ziwa moja!

Sasa ile safari yetu. Kuanzia 2010 hivi maji ya Nakuru yalianza kupanda. Wataalamu wanataja mvua iliyozidi, na udongo unaoshuka kutoka Mau palipokatwa miti. Ziwa halina mto wa kutoa maji, kwa hivyo likafura, likameza lango kuu la mbuga na nyumba za watu kule Mwariki. Chumvi ikazimuliwa. Mwani ukapungua, na kichungi kikaondoka kutafuta kazi kwingine, Bogoria na Elmenteita. Kichekesho ni kwamba 2011, maji yakiendelea kupanda, UNESCO iliyatia maziwa hayo matatu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na heroe wakiwa sababu kubwa.

Heroe wengine hurudi Nakuru kwa msimu, wengine hapana. Lakini maji ya Bogoria nayo yamepanda, na huko pia watu wamehama makwao. Ndani ya Nakuru sasa kuna ngege wa maji baridi, wale wale tunaowajua kutoka Ziwa Viktoria. Mamangu alipoona video niliyomwonyesha, aliuliza swali moja tu: "Kwa hivyo nilipia mkaone samaki?"