Rincón: Ufuo wa Karibi unaompima mchezaji wa mawimbi

MJI mdogo wa Rincón, ulio magharibi mwa kisiwa cha Puerto Rico, eneo la Karibi lililo chini ya Marekani, ni miongoni mwa sehemu mashuhuri za mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Hapo mchezaji wa kiwango cha kati hupata mawimbi yanayomfaa, lakini karibu nayo yapo mengine yanayoweza kumwangamiza.

Mji huo umekaa kwenye rasi ambapo Bahari ya Atlantiki hukutana na ile ya Karibi. Mawimbi yake huanzia mbali. Dhoruba za majira ya baridi, zinazovuma kaskazini mwa Atlantiki, huyasukuma hadi yakafika kwenye miamba ya Rincón. Kwa sababu hiyo msimu wa mchezo ni kati ya Novemba na Machi. Katika miezi ya kiangazi bahari hutulia, isipokuwa kimbunga kinapopita jirani.

Upepo nao husaidia. Pepo za mashariki hutoka nchi kavu kuelekea baharini, zikalikabili wimbi usoni na kulifanya lisimame vyema kabla ya kuvunjika.

Sehemu mbili zinazopendwa na wachezaji wa kiwango cha kati ni Domes na Maria's, zilizotenganishwa na mnara wa taa wa Punta Higuero. Domes, yaani kuba, imepata jina kutokana na kuba la mtambo wa nyuklia wa BONUS, uliozalisha umeme kati ya 1964 na 1968 kisha ukafungwa. Wimbi la hapo hukimbilia zaidi mkono wa kulia wa mchezaji anayeelekea ufuoni. Bahari ikiwa ya wastani, kimo chake huwa kati ya kiuno na kichwa cha mtu.

Mchezaji wa kiwango cha kati ni yule anayeweza kupiga makasia kwa mikono hadi nje ya mawimbi, kusimama bila kusaidiwa na kuugeuza ubao atakako. Asiyeweza hayo hana budi kuanzia kwenye fuo za mchanga, kwa kuwa chini ya maji ya Domes na Maria's kuna mawe.

Kusini kidogo ni Tres Palmas. Wimbi la hapo huamka tu bahari inapochafuka sana, na huweza kufikia mita 6 au zaidi. Hapo ni mahali pa mabingwa. Aliyefanikiwa Maria's asubuhi asidhani kwamba amefuzu kwenda Tres Palmas jioni.

Kanuni ni chache lakini nzito. Aliye karibu zaidi na mahali wimbi linapoanza kuvunjika ndiye mwenye haki ya kulipanda. Kumwingilia ni utovu wa adabu na chanzo cha majeraha. Ubao hufungwa kifundoni kwa kamba ili usiwagonge wengine. Mgeni hushauriwa kuyatazama mawimbi kwa muda kabla ya kuingia, akiona wenyeji wanapoingilia na wanapotokea.

Rincón ilijulikana duniani mwaka 1968, ilipoandaa mashindano ya ubingwa wa dunia. Fred Hemmings wa Hawaii alishinda kwa wanaume, naye Margo Godfrey, aliyekuwa na umri wa miaka 15, akashinda kwa wanawake.

Hata hivyo, utajiri huo umo hatarini. Katika maji ya Tres Palmas huota matumbawe yenye umbo la pembe za kulungu, ambayo hupunguza nguvu za bahari kabla haijaufikia ufuo. Baada ya wakazi, wavuvi na wachezaji kupigania eneo hilo, lilitangazwa hifadhi ya bahari mwaka 2004. Miaka miwili baadaye, Marekani iliorodhesha matumbawe ya aina hiyo kuwa yanayokabiliwa na tishio la kutoweka.

Kimbunga Maria cha Septemba 2017 kiliumega ufuo wa Rincón na kuacha baadhi ya majengo yakining'inia juu ya maji. Mwaka 2023, joto la bahari lisilo la kawaida liliyapausha matumbawe kote Karibi.

Mwamba ndio unaoliumba wimbi, na ndio unaoukinga mji. Ukifa, mchezaji atapoteza mchezo wake, naye mwenyeji atapoteza makao yake.