Betri Huwasha Taa, Chai Hungoja Kuni

Kabla stima ifike vijijini Bungoma, betri ilisafiri kwa baiskeli. Wazee husimulia kuwa miaka ya 90, mwenye TV ya Greatwall alifunga betri ya gari kwenye keria, akaipeleka mjini kuchajiwa, akarudi nayo ili majirani watazame habari. Chai ya majirani hao ilipikwa kwa kuni. Mbona hakuna aliyeunganisha betri na jiko?

Ujuzi ulikuwepo kitambo. Mwaka 1841 Mwingereza James Joule alieleza jinsi stima inavyogeuka joto ndani ya waya. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté akaunda betri ya kwanza ya kuchajiwa. Mwaka 1906 Mmarekani Albert Marsh akapata hataza ya waya wa nikeli na kromi, ule unaowaka mwekundu kwenye hita bila kukatika. Shida ilikuwa hesabu.

Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 95 kunakula karibu wati-saa 87. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 50 hubeba 600, na ukiifyonza kupita nusu unaiharibu. Hizo ni chupa tatu za chai, kisha panda baiskeli tena. Leo wati-saa 87 zinawasha balbu ya LED ya wati 3 kwa saa 29.

Mahali betri imeshinda makaa ni padogo sana. Mafundi wa koroboi walipasha shaba kwenye jiko la makaa ndipo walehemu bati. Kitale nimemwona fundi wa simu akilehemu kwa chuma cha wati 8 kinachotumia seli za laptop iliyokufa. Seli tatu nzima, kila moja wati-saa 9 hivi, zinampa saa tatu, kwa sababu ncha anayopasha ni ndogo kuliko ukucha.

Sufuria si ukucha. Sensa ya 2019 ilikuta asilimia 50.4 ya nyumba za Kenya zikitumia stima kwa mwanga, na 19.3 sola. Jikoni, asilimia 55.1 walipika kwa kuni. Kwa kukhu wangu Bungoma, taa ya sola inaning'inia juu ya mafiga. Sasa anauona vizuri moshi unaomtoa machozi.