Leso, Nailoni na Meza ya Fundi

Siku ya Idd, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ambao wenyeji huuita Pirates, hufurika watu. Watoto hukodi tyubu, vijana huingia majini na kaptura, na wanawake wengi huoga na dera au leso waliyojifunga kifuani. Kostyumu zipo, lakini si nyingi. Atakayeandika historia ya vazi la kuogelea la Kisauni na Likoni hana budi kuanzia kwenye leso.

Leso hizo kwa miaka mingi zilitengenezwa ng'ambo, ila ubunifu wake ulikuwa wa hapa hapa. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianzishwa Mombasa mwaka 1887, na leso zake zenye chapa ya "Mali ya Abdulla" zingali zinauzwa Barabara ya Biashara, kisiwani. Kitambaa kilipigwa chapa India, Ulaya, na baadaye Japani, lakini pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa) vilipangwa kwa kufuata ladha ya wanunuzi wa pwani. Jina lisilowagusa wanawake lilimlalia mwenye duka rafuni. Mtambo ulikuwa mbali mno, na bado mvaaji alikuwa na kauli.

Kauli hiyo huisikii Changamwe. Sheria ya maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuzwa nje ilipitishwa mwaka 1990, na Marekani ilipofungua soko lake kwa mpango wa AGOA mwaka 2000, viwanda vya nguo upande huo wa Mombasa vilipata kazi nyingi. Mpango uliruhusu kutumia kitambaa kilichotoka nchi nyingine, kwa hiyo marobota yalishuka kutoka Asia, michoro ikatoka kwa wanunuzi Marekani, na fundi akabaki na kipande kimoja cha suruali, mshono ule ule kutwa nzima. Ajira ilikuwa ya kweli, na nyumba nyingi zililipiwa kodi kwa mishahara hiyo. Ubunifu haukuwemo.

Bombolulu ni habari nyingine. Ukivuka daraja la Nyali ukashika barabara ya Malindi, utazikuta karakana zilizoanzishwa mwaka 1969 chini ya Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo Kenya, APDK. Wanaotengeneza vitu pale ni mafundi wenye ulemavu: wapo wa nguo, wa vito, wa ngozi na wa mbao. Bidhaa zao zimeuzwa ng'ambo kupitia mtandao wa biashara ya haki. Hapa mpiga chapa na mshonaji wako ua mmoja. Rangi ikikataa au mkato ukipwaya, jambo huzungumzwa mezani kabla halijawa hasara ya robota zima. Wanamitindo wa siku hizi wanaojisifu kwa "kushirikiana na mtengenezaji" wangepita Bombolulu kwanza.

Turudi kwenye kostyumu: tatizo lake ni kwamba pamba ya leso haiiwezi vizuri. Hunywa maji, huwa nzito, kisha hulegea. Ndiyo maana dunia iliikimbilia nailoni, iliyovumbuliwa katika maabara ya DuPont mwaka 1935, na baadaye nyuzi za spandex za mwaka 1958, zinazovutika na kurudi. Nailoni hiyo hiyo ikaingia kwenye nyavu za wavuvi, nayo haiozi. Wavu ukikatika majini huendelea kunasa samaki bila mwenyewe.

Mwaka 2011 kampuni ya Aquafil ya Italia ilianza kuchakata upya nyavu kuukuu na mabaki ya mazulia katika kiwanda chake cha Ljubljana, Slovenia, na kutoa uzi mpya uitwao Econyl, ambao sasa hushonewa kostyumu katika nchi nyingi. Ni kazi nzuri, lakini inahitaji mtambo mkubwa wa kikemia. Wavu wa mvuvi wa Mtongwe ungelazimika kusafiri hadi Ulaya ili urudi ukiwa vazi la mtalii.

Kwa fundi wa Likoni, njia iliyo karibu ni kuchanganya: kitambaa cha kuvutika mwilini, leso juu yake. Leso haivutiki, kwa hiyo akitaka kuitia kwenye kostyumu yenyewe huikata mshazari ili ipate kulegea kidogo, au huiweka pale pasipobana, kama sketi fupi, kamba za begani na ukosi. Na pindo lazima alipange kabla ya kushika mkasi, maana likikatwa katikati, leso nzima imeharibika.