Saa za Mafundi wa London katika Njia ya Bagamoyo

Aendaye Bagamoyo huonyeshwa mnara wa kanisa la kwanza la misheni, ambao watu huuita Mnara wa Livingstone, kwa kuwa maiti ya Daktari David Livingstone ililazwa hapo mwezi wa Februari 1874, kabla ya kuvushwa kwenda Unguja na kisha Uingereza. Habari za maiti ile, na za watu walioichukua mabegani kutoka bara, mmezisikia mara nyingi. Mimi nataka kuwasimulieni habari ya kitu kidogo kilichosafiri katika njia kama hizo, kitu kilichotunzwa kuliko mitumba ya nguo na shanga, nacho ni saa.

Pengine mtaniuliza: saa ina kazi gani porini, ambako hakuna garimoshi la kuwahi wala kengele ya shule? Jua likichomoza ni saa kumi na mbili, likiwa utosini ni saa sita, na mwenyeji hana haja ya kujua zaidi. Lakini wasafiri wale hawakuchukua saa ili wajue wakati wa kula. Walizichukua ili wajue mahali walipo.

Maana yake ni hii. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 24, nayo duara nzima ina digrii 360. Basi kila saa moja ni digrii 15, na kila digrii ni dakika 4. Bagamoyo iko karibu digrii 39 mashariki ya Greenwich, kwa hiyo jua hufika utosini kwetu saa mbili na dakika 36 hivi kabla ya kufika utosini kule. Msafiri mwenye saa inayoshika wakati wa Greenwich, akilipima jua au nyota na kujua wakati wa mahali aliposimama, atatoa tofauti, na tofauti hiyo itamwambia amekwenda mashariki au magharibi kiasi gani. Hesabu hiyo huitwa longitudo. Lakini ole wake saa ikikosea! Ikikosea dakika moja tu, ramani itakosea karibu kilometa 28, nao ni kama nusu ya mwendo wa kutoka Bagamoyo mpaka Dar es Salaam.

Manahodha wa pwani yetu walivuka bahari kwa pepo za kaskazi na kusi bila ya saa ya namna hii. Walipima urefu wa nyota juu ya upeo wa bahari, wakajua wako kaskazini au kusini kiasi gani, na yaliyosalia waliyajua kwa uzoefu. Waingereza walipoteza manowari nne na watu wengi katika miamba ya Scilly mwaka 1707, na mwaka 1714 Bunge lao likaahidi zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa mtu atakayepata njia ya hakika ya kujua longitudo baharini. Mabingwa wa elimu ya nyota waliitafuta njia hiyo mbinguni. Aliyeipata katika chuma na shaba alikuwa mwana wa seremala, jina lake John Harrison. Saa yake ya nne, iliyofanana na saa kubwa ya mfukoni, ilipelekwa Jamaica mwaka 1761, na baada ya siku 81 ilikuwa imechelewa sekunde 5 tu.

Baada yake mafundi wa London walishindana kutengeneza saa hizi, zinazoitwa kronometa. Ugumu wa kazi ni joto. Kamani ya saa hulegea kwa joto, na gurudumu la kupimia mwendo hutanuka, ndipo saa ikachelewa. Mafundi waliunga shaba na feleji pamoja katika ukingo wa gurudumu hilo. Na kwa kuwa shaba hutanuka kuliko feleji, ukingo hujikunja ndani kidogo wakati wa joto, na mwendo ukasahihishwa. Miongoni mwa mafundi hao alikuwa Edward John Dent, aliyezaliwa mwaka 1790. Mwaka 1829 kronometa yake ilipata tuzo ya kwanza katika majaribio ya Greenwich, na baadaye nyumba yake ilipewa kazi ya kutengeneza saa kubwa ya Bunge la Uingereza. Dent alikufa mwaka 1853, na mwanawe wa kambo, Frederick, akaimaliza. Saa hiyo ilianza kwenda mwaka 1859, nayo kengele yake kubwa ndiyo Big Ben. Livingstone mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1857, alitaja saa ya Dent aliyokuwa nayo katika safari yake ya kukata bara, iliyotengenezwa kwa ajili ya Chama cha Jiografia cha Kifalme. Aliisifu kwa kuwa akrabu yake ya sekunde iliweza kusimamishwa mara moja, ili msafiri asome wakati sawasawa.

Saa hizo zilizaliwa kwa ajili ya merikebu, ambamo hukaa ndani ya sanduku bila kuguswa. Kichwani mwa mpagazi ni jambo jingine. Burton na Speke walishuka Kaole, karibu na Bagamoyo, mwezi wa Juni 1857, na kabla ya safari kwisha kronometa zao ziliwaharibikia. Basi wakafunga risasi ya bunduki kwa uzi wa urefu wa inchi 39 hivi, wakaibembeza na kuhesabu sekunde. Mwanafunzi yeyote aweza kujaribu, nami naona akili ile yastahili sifa kuliko saa yenyewe.

Livingstone naye, katika safari yake ya mwisho, alipatwa na hasara hiyo Januari 1867. Mvua zilikuwa kubwa, njia ilikuwa na utelezi, watu walikuwa na njaa, na aliyechukua kronometa akaanguka. Mwendo wa saa ukabadilika, na hesabu za longitudo baada ya siku ile zikapotoka. Watu wa mbali huikumba lawama juu ya mpagazi. Mimi sikubali, mtu mwenye tumbo tupu, kichwani mzigo, miguuni matope, hana budi kuteleza. Tena tukumbuke kwamba kila longitudo iliyo sahihi katika ramani zile za kwanza ilitegemea pia miguu ya wapagazi ambao hawakuanguka, nao majina yao hayakuandikwa.

Jina moja lililoandikwa ni la Susi. Jioni ya tarehe 30 Aprili 1873, katika kijiji cha Chitambo, Livingstone alikuwa amelala kibandani, hawezi tena. Alimwita Susi amletee saa, akamwonyesha jinsi ya kuishika katika kiganja, naye akauzungusha ufunguo polepole mpaka saa ikajaa. Kabla ya mapambazuko watu wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa. Hayo twayajua kwa sababu Susi na mwenzake Chuma walifika Uingereza mwaka 1874, wakayasimulia, yakatiwa katika kitabu cha safari zake za mwisho.

Wao na wenzao waliichukua maiti miezi tisa. Walipofika Unyanyembe walimkuta Cameron, aliyetoka Bagamoyo mapema mwaka ule. Aliwashauri wamzike huko, wakakataa. Akachukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya marehemu, akaenda navyo mbele hata akatokea bahari ya magharibi mwaka 1875.

Saa za kubebwa kichwani hazikudumu sana katika kazi hii. Mwaka 1879 waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden, na wakati ukaweza kupelekwa kwa umeme; mwaka 1924 BBC ikaanza kutangaza milio sita ya wakati wa Greenwich. Siku hizi satelaiti zinazotuonyesha mahali tulipo huchukua saa za atomiki, na hesabu ni ile ile, ila saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, mahali hukosewa mita 300.

Walimu walio Bagamoyo, wasimikeni watoto kijiti wima uwanjani, waandike dakika ambayo kivuli ni kifupi kuliko vyote. Hawataikuta saa sita kamili. Saa ya Tanzania hufuata digrii 45, na Bagamoyo iko magharibi ya hapo digrii 6 na kidogo. Kwa hiyo, kwa wastani wa mwaka, jua huchelewa dakika 24 hivi, ikizidi au kupungua kwa majira. Wafanye hivyo kila juma kwa mwaka mzima, wachukue wastani, na kutoka katika kivuli hicho waitafute longitudo ya shule yao.