Meli Iliyopanda Gari la Moshi

Wasikilizaji wetu, sisi tukaao Pito hatuna reli hapa Ufipa juu. Atakaye kuliona Ziwa Tanganyika huteremka kwa njia ya Matai mpaka Kasanga, mahali ambapo Wadachi walipaita Bismarckburg. Hata hivyo, meli iliyofika Kasanga miaka mingi ililetwa na gari la moshi, na habari zake ndizo tuwasimuliazo leo.

Iliundwa Papenburg, Udachi, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Goetzen. Kisha ilifumuliwa yote, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, nayo ikaibeba. Mafundi watatu waliifuata, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Wafanya kazi wengi waliobeba vyuma vile kwa mikono hatukuachiwa majina yao, nasi twaona hiyo si haki. Februari 1915 ikashushwa majini, vita vimekwisha kuwaka.

Julai 1916 Wadachi walipokimbia Kigoma, waliamriwa kuizamisha isije ikatwaliwa na adui. Lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake mafuta mazito. Azamishaye chombo kwa chuki huvunja mitambo. Hawa waliihifadhi kama mkulima awekaye mbegu ghalani. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza wakaiopoa, na tazama, baada ya miaka minane mitambo ile ilikuwa yafaa!

Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Jina hilo ni la ziwa lenyewe, kama walivyoliita watu wa pande za kusini. Livingstone alilisikia kwao mwaka 1867. Basi chuma cha Papenburg kikavaa jina la jirani zetu.

Katika miaka ya 1970 mitambo ya mvuke iliondolewa, ikatiwa ya dizeli. Mwaka 1997 ilirudisha kwao wakimbizi wa Kongo kwa maelfu. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ile ya kila safari. Vijiji vingi vya pwani ya ziwa havikuwa na gati wala barabara, hivyo meli ilisimama mbali na kupiga honi, hata usiku wa manane. Ndipo mitumbwi ilipotoka gizani, imejaa magunia ya dagaa, kuku, wagonjwa na akina mama wenye watoto mgongoni, kila mmoja akipigania kuushika ubavu wake kwanza.