Jeli Iliyopima Osmosisi

Masimulizi ya osmosisi huanza mwaka 1748, Jean-Antoine Nollet wa Ufaransa alipoona maji yakipenya kibofu cha nguruwe na kuingia kwenye chombo cha kileo. Heshima hiyo ni yake. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja jambo hilo lilikosa vipimo vya kutegemewa, maana kibofu huvujisha hata sukari yenyewe. Naamini kilichoikwamua elimu hii ni utando uliotengenezwa na chumvi mbili.

Mwaka 1867 Moritz Traube, Mjerumani aliyeishi kwa biashara ya mvinyo, alieleza kinachotokea maji ya mrututu yanapokutana na maji ya ferrosianidi ya potasi. Kila chumvi peke yake huyeyuka vizuri. Zikigusana, shaba iliyo ndani ya mrututu hushikana na ferrosianidi, na papo hapo hutokea utando wa kahawia, laini kama jeli, usioyeyuka tena. Maji huupenya, sukari huzuiwa. Ukichanika, chumvi hizo hukutana upya kwenye ufa na kuuziba. Kasoro yake ilikuwa ulaini: shinikizo dogo tu liliupasua. Wilhelm Pfeffer, mtaalamu wa mimea, aliuotesha utando huo kwenye vinyweleo vya chungu kidogo cha udongo, ukapata ukuta wa kuuegemea. Vipimo vyake vya mwaka 1877 vinastaajabisha: maji yenye sukari asilimia 1 yalisukuma zebaki hadi milimita 535 hivi, na ya asilimia 4 hadi 2,082.

Yupo atakayesema kwamba sifa ni ya J. H. van 't Hoff, aliyetunga kanuni ya shinikizo la osmosisi na kupewa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya kemia mwaka 1901. Lakini alianzia wapi? Mtaalamu wa mimea Hugo de Vries ndiye aliyemweleza habari za vipimo vya Pfeffer. Gawanya 2,082 kwa 4, upate takriban 520, karibu sawa na 535: shinikizo huongezeka kadiri sukari inavyoongezeka, kama gesi inavyofanya ikibanwa. Uwiano huo usingeonekana kupitia kibofu kinachovuja. Wala udongo mtupu usingetosha, kwani nao huipitisha sukari. Mwaka huohuo wa 1901, huko Baltimore, wanakemia Morse na Horn walitumia umeme kuzisukuma chumvi mbili ndani ya ukuta wa chungu ili utando ustahimili shinikizo kubwa zaidi. Chumvi zenyewe hawakuzibadilisha.